Nyuzi Kumi na Tisa Ng'ambo ya Barabara

Nje barafu ilikuwa imeganda hadi kwenye nyaya za umeme. Nyuzi nane chini ya sifuri.

Kifaa changu kipya kikasema nje ni kumi na tisa.

Nilicheka. Ningejua kinanipa habari za baba yangu, ningevuka barabara pekupeku.

Naitwa Veit. Nina miaka ishirini na sita, na kichwa changu ni kigumu. Kutunga mashairi nilijifundisha mwenyewe, na siombi radhi kwa hilo.

Siku tuliyomzika mama, tukiwa mezani na wafiwa wote, nilisimama nikasoma shairi. Nilisema baba alipenda mapaa ya watu kuliko mke wake. Alikuwa fundi paa, miaka arobaini juu ya vigae.

Baba, Mzee Gotthilf, hakupaza sauti. Alisema tu, "Chukua karatasi zako, utoke."

Nikatoka. Na nikaapa: sikanyagi pale mpaka aniombe msamaha.

Nilipanga chumba ng'ambo ya barabara, makusudi, ili kila akifungua dirisha anione. Kijiji chetu ni kidogo, kiko juu kwenye milima ya Alb, kusini mwa Ujerumani. Miaka miwili tukapishana kwenye duka la mkate kama watu wasiojuana.

Basi, Jumamosi moja ya Januari, mchumba wangu Roswitha akarudi na boksi kutoka duka la bei poa. Kituo cha hali ya hewa cha nyumbani, chenye saa inayojirekebisha yenyewe kwa mawimbi ya redio. Wiki ile nusu ya kijiji walikinunua.

"Soma maelekezo kwanza," Roswitha akasema.

"Maelekezo ni ya watu waoga."

"Haya, shujaa."

Nikatia betri. Nikatundika kidude chake cha kupimia joto la nje ukutani nje, upande usiopigwa na jua. Saa ikahangaika kidogo, kisha ikanasa mawimbi ya mnara ulio huko karibu na Frankfurt. Ikajipanga hadi sekunde. Nikajiona injinia.

Halafu namba ya joto la nje ikatokea. Kumi na tisa.

"Hongera," Roswitha akasema. "Umetuhamishia Hispania."

Nikakihamisha kidude. Nikakitikisa. Nikakitukana. Jumapili nzima, kumi na tisa.

Jumatatu asubuhi, kumi na tano.

Asubuhi hiyo hiyo nikaona kitu kingine. Theluji ilikuwa imeanguka, na mbele ya nyumba ya baba hakuna aliyeigusa. Kwetu mwenye nyumba anatakiwa awe amesafisha njia kabla ya saa moja asubuhi. Mzee huyu alikuwa anamaliza saa kumi na moja na nusu alfajiri, kisha anasimama kuwatazama wavivu.

Unadhani nilishtuka?

Nilifurahi. Nikamwita Roswitha dirishani, nikatunga papo hapo:

*Theluji imelundika, mlangoni pa jabari,*
*Chepe lake limechoka, leo hana ujeuri.*

Roswitha hakucheka. "Veit, nenda kamwangalie."

"Aje yeye."

"Ni baba yako, we!"

"Nimesema aje yeye."

Mchana kifaa kikasema kumi na moja. Nikampigia simu Gernot, rafiki yangu anayetengeneza televisheni.

"Bwana wee, hakijaharibika," akasema. "Kimenasa kidude cha jirani. Mmenunua vya aina moja, mko kwenye chaneli moja. Kuna kitufe nyuma, badilisha."

"Jirani gani nje kwake kuna nyuzi kumi na moja?"

"Kaweka cha nje ndani! Kichaa gani huyo?"

Tukacheka mpaka nikakohoa. Nikabonyeza kitufe. Nane chini ya sifuri ikatokea, yangu halali. Nilijisifu jioni nzima.

Jumanne asubuhi mlango ukagongwa kwa ngumi. Mama Wiltrud, jirani wa ukuta mmoja na baba.

"Leo siku ya taka. Pipa la baba yako halijatoka. Mapazia ya mbao yameshuka tangu juzi. Kijana, una funguo au huna?"

Nilikuwa nazo. Miaka miwili nilitembea nazo mfukoni.

Tulimkuta chini ya ngazi za ghala lililo chini ya nyumba. Alianguka Jumapili jioni akishuka kuchochea tanuri la kuni linalopasha nyumba nzima. Nyonga imevunjika. Midomo ya bluu. Anapumua, kwa mbali.

Wakati gari la wagonjwa linakuja, nikakimbia juu kutafuta mablanketi.

Nilipita jikoni. Kifaa kile kile kama changu, juu ya friji. Chini yake kipande cha plasta, mwandiko wake wa penseli: *Chumba cha Veit.*

Nikafungua chumba changu cha zamani. Kitanda kimetandikwa shuka safi. Juu ya meza yangu, kidude cha kupimia.

Mama Wiltrud alikuwa nyuma yangu. "Kila siku anakipasha moto chumba hiki. Nilimwambia, mzee, unamaliza kuni bure. Akasema, ghafla akirudi, asikute baridi."

Jumatatu, toka asubuhi hadi mchana, nilikitazama chumba changu kikipoa, namba baada ya namba. Kisha nikabadilisha chaneli.

Hospitalini aliamka mara moja tu. Nikamshika mkono ule wenye sugu.

"Baba, ni mimi. Veit. Nisamehe."

Akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Veit yuko ng'ambo ya barabara," akasema. "Ana kazi nyingi, anaandika."

"Baba..."

"Wewe ndiye fundi wa tanuri?"

Roswitha alinibana bega. Mimi, mwenye maneno ya kila kitu, nikakubali jina alilonipa.

"Ndiyo, mzee. Ni fundi."

"Basi usiuache moto uzime. Kijana wangu anarudi."

"Sitauacha, mzee."

Akafumba macho, ametulia. Alfajiri ya Alhamisi akaondoka duniani.

Wengine mtaniambia alijua ni mimi. Alikuwa ananitania. Hakujua. Nilikuwepo, niliyaona yale macho. Msamaha niliuomba, ila yule niliyekuwa namwomba alikuwa ameshanisahau sura.

Wewe unayesoma hapa, unaye mtu uliyemnunia unangoja aanze yeye. Usimwandikie shairi. Usingoje kesho. Weka simu chini, vaa viatu, nenda ukagonge mlango wake wakati bado anaweza kukuita kwa jina lako.