Behewa la Mwisho Bado Liko Kwenye Kona

Siku hizi, kila nisikiapo honi ya treni ikiita kutoka stesheni, mwanangu, narudi kwenye asubuhi moja ya ujana wangu, na kwenye maneno ambayo baba yangu alimwambia dereva. Yalikuwa yamenitoka akilini kwa muda mrefu, mpaka juzijuzi mjukuu wangu Kabula alipopiga meza kwa hasira.

Kabula anasoma chuo, na akija kwangu hapa Ibadakuli huja na kompyuta yake yenye mchezo wa kuendesha treni. Si mchezo wa kukimbizana. Una breki, una vibao vya mwendo kando ya reli, na ukikosea unakusimamisha. Jumamosi wenzake walikuwa na mashindano pale Nyasubi, Kahama, na ili akubaliwe ilimbidi kwanza amalize safari moja bila kosa. Kila akijaribu, alikwama kwenye kona ileile.

"Babu, mchezo huu umeharibika!" alisema. "Kona nimeipita taratibu kama kibao kinavyotaka. Nimetoka, nimeongeza mwendo, unaniambia nimekosea!"

"Treni imeanguka?"

"Hata nikizidisha mara mbili haianguki! Sijui wanataka nini hawa."

Mimi kompyuta siijui. Hata simu yangu hushindana nami. Lakini nilivuta kiti nikamuuliza kama treni yake ni ndefu. Akasema ni ndefu sana, ya mizigo.

"Basi nikusimulie habari za ng'ombe."

"Ng'ombe tena, Babu? Kwako kila kitu ni ng'ombe."

Tulicheka, nikamsimulia hivihivi ninavyokusimulia wewe.

Nilipokuwa kijana wa umri wake, baba alinichukua tusindikize ng'ombe wetu kwa treni kwenda Dar es Salaam. Tulikuwa nao ndani ya behewa la mwisho kabisa. Kazi yetu ilikuwa moja: kuhakikisha hakuna anayelala. Ng'ombe akilala ndani ya behewa, wenzake humkanyaga, na akichelewa kuinuliwa haamki tena. Huku kwetu nchi ni tambarare, kwa hiyo niliiona kazi nyepesi, nikawa naimba. Tulipoipita Dodoma na kuingia milimani, reli ikaanza kujikunja kufuata mto. Wimbo ukaishia hapo.

Dereva wetu hakuwa mtu mbaya. Kila akifika kwenye kona alipunguza mwendo vizuri. Ila kichwa cha treni kikishanyooka tu, aliongeza. Sasa fikiri nami polepole: kichwa kimetoka kwenye kona, na sisi wa nyuma ndiyo kwanza tunaingia. Tunavutwa kwa mwendo wa reli iliyonyooka, wakati reli iliyo chini yetu bado imepinda.

Ng'ombe wote walituegemea upande mmoja. Mwekundu mmoja, niliyemchunga tangu akiwa ndama, akapiga magoti, kisha akalala. Baba alimshika pembe, mimi mkia, tukavuta huku kwato za wenzake zikitua karibu na vidole vyetu. Hakuinuka. Nilijua kona moja zaidi ya namna ile ingemmaliza. Bahati nzuri treni ikasimama kwenye stesheni ndogo, behewa likatulia, tukamwinua akiwa anatetemeka.

Baba akashuka, akatembea urefu wote wa treni hadi mbele. Nilimfuata nikijua leo kutapigwa mtu. Kumbe alianza kwa salamu.

"Mwangaluka, kijana wangu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unaongeza mwendo tukiwa kwenye kona?"

"Hapana, mzee. Huwa nasubiri kona iishe."

"Imeisha kwako. Kwangu ilikuwa ndiyo inaanza. Hebu njoo uone unakotuacha."

Wakaongozana kurudi nyuma, behewa baada ya behewa, kwenye kokoto na jua. Tulipofika kwetu, dereva alikuwa anahema.

"Mzee, kumbe treni yangu ni ndefu hivi!"

"Ndefu," baba akasema. "Na inaishia kwangu."

Yule mwekundu akanyoosha shingo akamlamba dereva jasho la mkononi, sote tukaangua kicheko. Kuanzia hapo hadi Dar es Salaam, mwendo uliongezeka tu baada ya sisi wa mwisho kunyooka. Ng'ombe walisimama wakicheua, na mimi nikarudia wimbo wangu.

Kabula akaitazama tena ile kona kwenye kompyuta. "Lakini Babu, kama haianguki, kwa nini nipunguze kiasi chote hicho?"

Nikamweleza kwamba kile kibao hakisubiri treni ikaribie kuanguka. Kwenye kona reli ya nje huinuliwa kidogo ili treni iegemee ndani, lakini ukizidisha mwendo, abiria bado atasukumwa upande wa nje wa kona. Dereva amekaa. Kibao kinamfikiria aliyesimama: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye kikombe cha chai, na ng'ombe wangu.

Akaanza safari upya. Kona ikafika, akaipita taratibu. Kichwa kiliponyooka, mkono wake ukataka kukimbilia mwendo, akaurudisha. Akageuza picha atazame nyuma, akasubiri. Behewa la mwisho likanyooka.

"Haya, ng'ombe wa Babu wametoka," akasema, ndipo akaongeza. Mchezo haukumsimamisha. Jumamosi alikwenda Nyasubi, akarudi usiku akiwa wa tatu, na kelele zake zilizidi za wa kwanza.

Mwanangu, huenda wewe huchezi mchezo wa treni. Huenda umepata kazi mgodini Bulyanhulu, au duka lako limeanza kuchangamka, na unaona njia mbele yako imenyooka. Nimefurahi kwa ajili yako. Ila nyuma yako umewafunga wengine kama mabehewa: mdogo wako aliye shuleni, mama yako, mwenzako mliyeanza naye. Shida uliyoimaliza wewe, wao huenda ndiyo wanaiingia. Kabla hujaongeza mwendo, geuka utazame. Kusubiri huko hakukupotezei safari, maana treni hufika ikiwa nzima au haijafika.

Mungu akunyooshee njia kwa urefu wa treni yako yote, na kila uliyembeba ashuke kwa miguu yake mwenyewe, akiimba.