Ukurasa Aliokunja Talaso

Wasomaji, nichekeni polepole. Mimi ni mwalimu msaidizi hapa Kiwanjani, nimeishia kidato cha nne, lakini nina ndoto kwamba Isiolo itatoa waandishi. Kwa hivyo niligawia gredi ya sita madaftari. "Andikeni chochote. Ukikunja ukurasa, mimi siusomi. Haki ya Mungu." Waliniamini, wakaandika mpaka penseli zikaisha. Nilijua nikivunja ahadi hiyo mara moja tu, hakuna atakayeandika tena.

Jumatatu nikaona Talaso, yule mkimya wa dawati la nyuma, amekunja ukurasa. Niliuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikatoka, nikarudi, nikakaa, nikasimama. Mwishowe nikachungulia: "Akko, bibi yangu aliyenilea, ameaga. Sasa nani atanisuka?"

Nililia hadi chai ikapoa. Baada ya masomo nikanunua sukari na majani, nikajifunga leso, nikaenda mbio kwao.

"Salaam aleikum," nilisema mlangoni, machozi yakinitiririka. "Poleni sana kwa msiba wa akko."

Mama mzee aliyefungua alinitazama juu hadi chini. "Aleikum salaam. Akko ni mimi. Nimekufa lini?"

Nyuma yake Talaso alikuwa ameketi kwa mkeka, kichwa nusu kimesukwa.

"Ilikuwa hadithi tu, akko," alisema. Kisha akanigeukia. "Lakini mwalimu, hiyo ukurasa si nilikunja?"