Dunia Aliyoipima Mwalimu Agapiti

"Umetoa gunia tena!" Mwalimu Agapiti alisimama mlangoni, mkono ukipapasa fremu. "Mama Ritha, nilikuomba nini? Mpunga usiguswe!"

"Nimetoa," Bibiana, mkewe, alijibu bila kuacha kupepeta. "Mpunga nimelima mwenyewe, matope mpaka hapa. Au siku hizi naomba kibali?"

"Doa la mwanga ukutani limehama. Gunia likiondoka, mvuto wake unaondoka nalo. Mwezi mzima nalaumu uzi wa kipimo changu, kumbe ni wewe."

"Haya, nimeshakuwa mchawi."

Kama kuna nyumba Ifakara iliyochoshwa na dunia, ni hiyo. Mwalimu alifundisha fizikia mpaka akastaafu, akiwaandikisha watoto wa watu uzito wa dunia kutoka kitabuni, na ilimkera kwamba hajawahi kuuona mwenyewe. Kisha macho yakaanza kufa, presha ya macho. Hospitali walimwambia wazi: kilichopotea hakirudi, matone yanalinda kilichobaki.

Akafunga madirisha ya chumba kinachopakana na stoo ya mpunga. Akaning'iniza mwanzi mwembamba kwa uzi wa nailoni, kila ncha kidonge cha madini ya risasi, katikati kipande cha kioo. Tochi inamulika kioo, doa la mwanga linatua ukutani. Ukisogeza karibu madonge mawili makubwa ya risasi, vidonge vinavutwa, mwanzi unageuka kidogo mno, doa linahama. Kwa kuhama huko unapiga hesabu mpaka uzito wa dunia.

Madonge aliyatengeneza kwa kuyeyusha risasi zinazozamisha wavu wa Ponsiano, mvuvi, kaka yake Bibiana, aliyemkopesha wakati mto umefurika na uvuvi umesimama. Sasa maji yameshuka, na Ponsiano alikuwa hapo hapo kwenye kigoda, wavu wake hauwezi kuzama, anasikiliza ugomvi.

"Lirudishe leo tu," Mwalimu alisema. "Nipime mara ya mwisho, shemeji achukue risasi zake."

"Nilitoe wapi? Limeshauzwa mashineni." Bibiana akabwaga ungo. "Hayo matone unayotia machoni unadhani yanachotwa mtoni? Kila gunia unalolililia, Baba Ritha, ndilo chupa yako."

Ponsiano akatazama miguu yake.

Mwalimu aliingia chumbani, akasogeza madonge, akakaa mbele ya ukuta. Doa aliliona kama ukungu wa njano, usio na mwanzo wala mwisho. Akamwita mkewe. Bibiana akaja na kipande cha mkaa, akaweka alama doa lilipotulia, akamsomea rula. Hesabu ikatoa dunia nyepesi kuliko maji.

"Ingekuwa hivi ingeelea," Mwalimu alisema, akacheka kicheko kibaya. Akakata uzi kwa wembe.

Walikoka mkaa uani, wakayeyusha madonge kwenye sufuria bovu, wakayamwaga yawe risasi ndogo ndogo tena. Ponsiano akazibana risasi moja moja kwenye kamba ya chini ya wavu. Kamba ikabaki na sehemu tupu.

"Zimepungua, shemeji."

"Najua. Nyingine imekuwa takataka motoni. Nitakutafutia betri mbovu ya gari, tuyeyushe risasi yake."

Ponsiano akayatazama macho ya Mwalimu. Yalikuwa yameelekezwa pembeni yake, kwenye ukuta wa choo.

"Utaitafutia wapi wewe? Iache. Hapa sikudai kitu."

Akajitwika wavu begani, akashika njia ya mtoni.