Ubao Mmoja wa Mlango wa Mama

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama yangu aliipita nyumba yake mwenyewe bila kuijua, na aliyempoteza ni mimi. Usicheke kwanza. Utacheka baadaye na mimi nitacheka nawe, maana Mama mwenyewe, Mola amrehemu, alikuwa akiyasimulia mbele ya wageni mpaka natafuta pa kujificha.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, fundi wa aluminiamu Mombasa. Siku hizo kazi hiyo bado ilikuwa ngeni, na aliyeijua alijiona amefika. Nilijiona, sitakuficha. Nikija likizo kwetu Amu, yaani Lamu, napita vichochoroni nikitazama milango ya watu, hakuna hata mmoja unaonipendeza. Na uliokuwa ukiniudhi kuliko yote ni wa kwetu.

Ulikuwa wa mbao mbili, moja kulia moja kushoto, umetiwa nakshi na fundi ambaye hata babu yangu hakumjua. Mzito, kha! Mvua za masika zikianza unavimba, huufungui mpaka uutie bega. Idi moja nikamkuta Mama, mjane wa miaka sitini na kitu, anausukuma kwa bega, bismillahi, bismillahi, na ulipoachia akayumba akajishika ukutani. Aliponiona akacheka. Mimi sikucheka. Roho iliniuma, wallahi, nikaapa kimoyomoyo kuwa mama yangu hatausukuma tena mlango ule. Kwa hiyo nia yangu ilikuwa njema, na hilo ulishike, kwa sababu si ubaya ninaotaka kukuonya nao leo.

Nikangoja aende Pate. Mpwa wake alikuwa anaolewa, na Mama akienda harusini kule hukaa wiki nzima. Alipoingia tu chomboni, na mimi nikavusha vyangu kutoka gati ya Mokowe, upande wa bara: fremu, reli, na vioo viwili vyeusi nilivyovifunga ndani ya magodoro. Siku tatu nikabomoa, nikapima, nikapiga plasta, mpaka nikasimamisha mlango wa slaidi, ule wa kioo usiofunguka ndani wala nje, unakwenda upande juu ya reli. Kidole kimoja tu, unateleza. Na vioo vyenyewe ni vya aina ile ambayo mchana mtu wa nje hujiona mwenyewe, wa ndani akamwona wa nje. Mtaa mzima wa kwetu hakuna aliyekuwa nao. Zile mbao mbili za zamani nikampa Bwana Shee, seremala wa vitanda, azifanyie atakalo.

Siku Mama aliporudi, nikasimama ndani nyuma ya kioo namtazama anavyokuja, kikapu mkononi, buibui limejaa vumbi la safari. Akaja, akaja, akapita. Wallahi akapita! Akaenda mpaka kwenye kona, akasimama, akaangalia huku na huku kama mgeni, akarudi. Alipofika mbele ya kioo akamwona mwanamke wa buibui ana kikapu, anamjia. Unajua alifanya nini? Alijibana ukutani ampishe.

Nikausukuma mlango kwa kidole. "Mama, karibu kwako!"

Akanitazama mimi, akautazama mlango, akatazama chini penye reli. "Umefanya haya kwa ajili yangu, Athmani?"

"Kwako wewe, Mama. Husukumi tena."

Akanishika mikono yote miwili, akaibusu viganjani, akaniombea dua ndefu mpaka machozi yakamtoka. Nami kwa kiburi changu nikayafahamu machozi yale nilivyopenda. Kabla ya kurudi Mombasa nikamwachia sharti moja tu: "Mama, ufunge saa zote. Mchanga wa njiani ukiingia kwenye reli, utakwama." Akasema, "Haya, mwana wangu." Nikaondoka kifua mbele.

Sasa nikwambie jambo ambalo mimi, niliyezaliwa nyumba ile, sikuwa nalijua. Niliondoka kwetu nina miaka kumi na minne, nikija likizo alasiri zote niko matembezini, na mtoto huwa hamwangalii mamake, humtumia tu. Mlango ule wa zamani, ubao wa kulia ulikuwa ukifunguliwa asubuhi na kuachwa wazi mpaka Magharibi. Ubao wa kushoto haufunguliwi kamwe, isipokuwa pana harusi au maiti. Nyuma ya ule wa kushoto Mama alikuwa na kibao chake cha kukalia. Tangu alipofiwa na baba alikuwa akikaa hapo kila siku baada ya alasiri, anashona kofia, upepo na mwangaza unamjia kwa ule wa kulia, naye anasikika, haonekani.

Basi mtaa wote ulikuwa wake. Muuza samaki akipita: "Bi Halima, nina changu wabichi leo, nikuwekee?" Vijana wakigombana barazani, wanasikia sauti nyuma ya ubao: "Nyinyi, hebu nyamazeni, nawajua mama zenu." Alikuwapo mwalimu mmoja wa bara, Mwalimu Njoroge, Mkristo, mtu mpole, akitoka shule hukaa hapo barazani na kumuuliza maana ya maneno ya Kiamu. Miaka minne alizungumza na mama yangu, na hajapata kumwona uso. Waliooana wakitaka kuachana walikuja kwanza kuusemesha ubao ule. Mama yangu mtu wa stara, hatoki ovyo, wala hakuwa na haja ya kutoka. Watu wakimjia wenyewe.

Mimi nikaweka kioo.

Watu wakipita wanajiona wenyewe. Vijana wakawa wanachana nywele. Wanaume wenye haya wanainamisha kichwa na kuharakisha, kwani hawajui ndani nani anawatazama. Hakuna wa kubisha, maana kioo hakina pete ya kugongea. Na Mama huko ndani, hata akiambiwa mara mia kuwa haonekani, anaona mtu amemkodolea macho ana kwa ana anatengeneza kilemba chake, stara gani hiyo? Akatundika pazia zito. Halafu akahamisha kibao chake chumba cha ndani kabisa, kusikofika sauti ya mtu. Na mlango akaufunga saa zote, kama nilivyomwambia.

Miezi mitatu ikapita. Nikaletewa salamu Mombasa kuwa mamako hali chakula, njoo. Nikaja mbio, nimeshapanga kumchukua hospitali kubwa. Nikamkuta chumba cha ndani, amekonda, mabega yamemtoka. Kofia iko mapajani, sindano imechomekwa, hashoni.

"Mama, unaumwa wapi?"

"Sina neno, mwana wangu. Umekula?"

Kumbembeleza kote nikaambulia hilo. Nikamfungia nguo zake. Nikiwa nafunga kikapu akaingia Bi Mwanaesha, rafiki yake wa utotoni, jirani wa mbele. Mwanamke mfupi, ulimi wake mrefu, na alinilea kwa makofi kuliko mama yangu alivyonilea. Akakitazama kikapu.

"Wampeleka wapi?"

"Hospitali, Bi Mwanaesha. Humwoni alivyo?"

"Mimi namwona. Weye ndiwe usiyeona, na mato unayo." Akanivuta mkono mpaka uani, Mama asisikie. Akanieleza yote hayo niliyokueleza: kibao, ubao wa kushoto, muuza samaki, mwalimu, kofia. Nilisikiliza nimesimama wima, na masikio yananiwaka. Halafu akasema, sauti imeshuka, na hapo ndipo aliponivunja: "Mamako si mgonjwa, Athmani. Uliung'oa mlango, ukamng'oa na yeye."

Nililia, mwanangu. Mtu mzima, fundi, nimeegemea birika la maji pale uani nalia.

Nikatoka mbio hadi kwa Bwana Shee. Nikamkuta anapiga randa. Hata salamu sikumaliza. "Bwana Shee, zile mbao za mlango wetu!"

Akaweka randa chini, akajikuna. "Ule wa kushoto ushakuwa kitanda, na mwenyewe ashaulalia. Huu wa kulia bado."

Wa kushoto, alioegemea Mama miaka yote, ndio uliokuwa umekwenda. Nikaubeba huo uliobaki, mimi na Bwana Shee, jasho linatutoka, watu wanatupisha. Nikautua barazani, nikachukua nyundo na patasi, nikaanza kuing'oa ile fremu yangu ya aluminiamu. Nilikuwa na hasira nayo kama vile imekuja Amu kwa miguu yake. Nitaufumua wote, nikasema, nitamrudishia Mama mlango wake kama ulivyokuwa, na ubao wa pili nitauchongesha.

Pigo la tatu halijatua nikasikia kelele kutoka dirisha la nyumba ya mbele.

"Weye Athmani! Umemuuliza?"

Nikasita na nyundo juu. "Nimuulize nini, Bi Mwanaesha? Si umenambia mwenyewe?"

"Mimi nimekwambia kosa lako. Sikukwambia atakalo mamako. Mlango ni wangu mimi?"

Basi hapo, mwanangu, ndipo akili ilipoanza kunirudia. Nilikuwa nakaribia kufanya jambo lile lile mara ya pili, kwa nyundo ile ile, na tena kwa mapenzi. Nikaiweka chini. Nikaingia ndani mpaka kwa Mama, nikakaa chini miguuni pake, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikamuuliza mama yangu swali ambalo jibu lake sikuwa nimejipangia mwenyewe.

"Mama, ungependa mlango wako uwe vipi?"

Akatabasamu. Hata hakufikiri, jibu alikuwa nalo tayari. "Usiung'oe. Huu mwepesi nimeupenda, mwana wangu. Bega langu limepona tangu uutie. Nipe ubao mmoja tu upande mmoja nikae nyuma yake, na hicho kioo kiondoke, nami niuache wazi hata kama mchanga utaingia. Nitaufagia."

"Mbona hukunambia, Mama? Miezi mitatu!"

"Ulikuwa umefurahi," akasema. "Nilikuona vile ulivyofurahi. Na wewe hukuniuliza."

Nikaenda nikafanya alivyosema. Ule ubao wa zamani nikausimamisha upande mmoja, nikaukaza usitikisike. Upande wa pili nikaacha slaidi, nikatoa kioo nikatia mbao nyembamba, inateleza kwa kidole. Lilitoka dude, mwanangu! Nusu nakshi ya mababu, nusu aluminiamu ya Mombasa. Mafundi wenzangu walinicheka mpaka nikazoea, na Bwana Shee akawa anawaleta watu waje kulitazama. Kwa kuwa ubao uliosalia ulikuwa wa kulia, Mama ikambidi ahamie upande ule. Siku ya kwanza alijigeuzageuza kwenye kibao chake, akasema nakshi zinamchoma mahali sipo, lakini atazoea.

Alasiri ile nilikaa ndani nikinywa kahawa. Mwalimu Njoroge akapita anatoka shule. Akaona ubao, akapunguza mwendo. Akasimama kwa mbali kidogo, na kwa woga akasema, "Bi Halima, upo?"

"Nipo, mwalimu," Mama akasema. "Kaa. Umekonda wewe, au mke wako amekwenda kwao?"

Mwalimu akacheka, akakaa barazani. Mara muuza samaki naye akasikika. Nikamtazama Mama. Sindano ilikuwa inakwenda.

Aliishi miaka kumi na saba zaidi nyuma ya ubao ule, na mchanga wa reli aliufagia mwenyewe kila asubuhi, hakutaka mtu amsaidie.

Basi sikiliza, mwanangu, maana leo mna mikono inayofika mbali na fedha za kutuma, na mnatupenda, tunajua. Sikukatazi kutengeneza nyumba ya wazazi wako. Tia slaidi, tia vigae, tia tangi juu ya paa. Lakini kabla hujapima ukuta, kaa chini miguuni pa mzee wako umuulize: unakaa wapi, unapenda nini, kipi kinakuuma, kipi nikuachie? Halafu nyamaza umsikilize, hata akizunguka kwanza mpaka kwenye habari za nyanya yake. Usimngoje aje kulalamika. Mzazi anayekupenda hatakwambia umekosea akikuona umefurahi. Atakuombea dua na kukushukuru, kisha ataingia chumba cha ndani kabisa akae kimya, nawe utakuwa mbali huko, unawahadithia watu namna ulivyomfurahisha. Mimi nilimnyima mama yangu mtaa wake miezi mitatu, na kilichokosekana ni swali moja.

Nenda, mwanangu. Mola akuzidishie huruma hiyo uliyonayo na akupe na subira ya kuuliza. Akubakishie wazee wako mpaka uwaulize yote, na siku utakapokuwa umekaa wewe, mabega yamechoka, akupe mtoto atakayekaa chini miguuni pako aseme, "Baba, wewe ungependa vipi?" Amin.