Wimbo wa Kisomali Nilioutafsiri Harusini

Kuna watu Mbarara ambao hadi leo wakiniona wananiuliza kama ngamia hajambo, na mimi naitikia hajambo, kwa sababu nikikasirika wataanza kuwaeleza na wale wasiojua, basi afadhali niwaeleze ninyi mwenyewe, yote, na mahali nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Wakati huo nilikuwa nakaa Nakivale, kambi ya wakimbizi, nashonea watu nguo kibarazani kwangu. Mimi ni Mkongo wa Uvira, na jirani yangu alikuwa Hodan, Msomali aliyejifunza Kiswahili Nairobi kabla ya kufika kambini. Siku moja alikuja kupimwa gauni, akaweka telefone yake juu ya meza huku inaimba: mwanaume peke yake, bila gitaa, bila ngoma, na nyuma yake maji yanamwagika, chwaa, chwaa. Sikuelewa hata neno moja, lakini niliacha kupima, nikasimama na futi yangu mkononi mpaka wimbo ukaisha, nikamwomba anitumie kwa blututhi, akanitumia. Nilipotaka kumuuliza unasema nini, mteja mwingine akaingia, nikasema nitauliza kesho. (Kuuliza kungechukua dakika mbili. Nimeshazifikiria sana hizo dakika mbili.)

Kesho haikufika, maana nilipata nafasi ya kwenda Mbarara kujifunza kushona nguo za harusi kwa Hajati Zaituni, mama mfanyabiashara wa Kakoba, mwenye chumba cha mashini saba na hamu ya kujua kila kitu chini ya jua. Mafunzo yalikuwa ya miezi mitatu, na mwishoni Hajati angembakiza kazini mmoja wetu wanafunzi. Niliitaka nafasi hiyo mpaka nilikuwa nafagia hata mahali palipokwisha kufagiwa.

Sasa Hajati alikuwa na desturi yake. Kila siku akimaliza swala ya alasiri, telefone ya mmoja wetu inaunganishwa na spika, na mwenyewe anaeleza siku hizi anasikiliza nini na kwa nini. Jasinta, mwanafunzi mwenzangu kutoka Kikagate, alituwekea kwaya aliyokuwa akiisikiliza alipolazwa hospitali, mwingine akaweka dansi ambayo mume wake haipendi (sababu ilikuwa hiyo hiyo, mume haipendi), na tukacheka, na tukaendelea kushona. Zamu yangu ilipofika nikaweka wimbo wa Hodan, na mashini zote saba zikanyamaza.

"Hii ni nini, Sifa?" Hajati akauliza.

"Ni ya Kisomali."

"Inasema nini?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema sijui, mambo yangeishia hapo, lakini wanawake wote walikuwa wananitazama kama mtu aliyeleta kitu kikubwa kutoka mbali, na nafasi moja ya kazi ilikuwa inanitazama pia, nikasikia mdomo wangu unasema, "Ni mama anamuaga mutoto wake mwenye anaenda kuolewa."

"Lakini anayeimba ni mwanaume," Jasinta akasema.

"Anaimba kwa niaba ya mama."

"Na hayo maji?"

"Anamuosha miguu."

Hajati akavua miwani, akajifuta macho, na mimi (Mungu anisamehe) nikafurahi. Sikukumbuka kwamba binti yake Shamimu alikuwa anaolewa Jumamosi. Yeye alikumbuka. Akasema wimbo huo ndio utakaopigwa Shamimu akitoka nyumbani kwenda kwenye hema, na mimi ndiye nitakayewaeleza wageni maneno yake.

Nilimpigia Hodan mara nne kabla ya Jumamosi, hapatikani. Nikajiambia sauti yenye huzuni namna ile haiwezi kusema jambo baya.

Siku ilipofika, hema lilikuwa limejaa. Upande mmoja alikaa baba wa bwana harusi, Sajenti mstaafu, mfugaji wa ng'ombe kutoka Masha, na wenzake wa jeshini na wake zao. Upande wa pili walikaa wafanyabiashara wa vitambaa, rafiki za Hajati, na karibu nusu yao walikuwa Wasomali. Mimi niliyeishi ukuta kwa ukuta na Wasomali sikuwa nimefikiria hata kidogo kwamba Mbarara nako wapo. Nilipowaona, maiki ilikuwa tayari mkononi. Nikaeleza mama, nikaeleza binti, nikaeleza na miguu.

Wimbo ukaanza. Shamimu akatokea mlangoni mwa nyumba, mkabala na hema, na shela yake, akasimama hapo kwanza, kama alivyofundishwa, na shangazi zake wamejipanga nyuma wakisubiri apite.

Kwanza Wasomali waliangaliana. Halafu mzee mmoja akajifunika mdomo kwa kofia yake, na mwanamke aliyekuwa kando yake akainama kama anatafuta kitu chini, mabega yanatikisika. Sajenti hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite.

"Nyinyi nacheka nini?" akauliza. "Mama iko nalia sababu ya mutoto."

"Samahani, mzee," yule wa kofia akajibu. "Hapa hakuna mama. Huyu ni mchunga ngamia, yuko kisimani. Anamwambia ngamia wake jike: umekunywa ya kutosha, ondoa hayo makalio njiani, wenzako nyuma wana kiu."

Watu wote wakamtazama Shamimu mlangoni, na shangazi nyuma yake. Kwenye spika, yule mchunga aliendelea kuimba na kumwaga maji.

"Sifa," Shamimu akaniita kutoka ndani ya shela, taratibu kabisa. "Ngamia?"

Sajenti ndiye aliyeendelea, na hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kununua.

"Hiyo ngamia iko na jina?"

Mzee akasikiliza kidogo. "Analo. Anamwita Anayerudi."

"Naimbia yeye kila mara?"

"Kila anapomnywesha."

Sajenti akawageukia wageni. "Kwetu Masha, mutu naimbia ng'ombe yake namna hii, iko napenda yeye sana. Bibi harusi akuje." Halafu akaninyooshea fimbo. "Lakini huyu fundi nadanganya sisi. Aseme."

Nikasema. Nilisema kwenye maiki, mbele ya watu wote hao, kwamba sielewi Kisomali hata kidogo na niliogopa kusema sijui. Wakacheka mpaka hema likayumba, na Shamimu akapita katikati yao akicheka na yeye, shela inamtetemeka usoni. Hajati peke yake hakucheka.

Jumatatu alinikalisha kwenye kazi ya kushona vifungo tu. "Wimbo haujanikasirisha," akaniambia. "Ila nililia mbele za watu, Sifa, kwa maneno uliyoyatunga wewe." Miezi mitatu ilipoisha alimbakiza Jasinta, na ilikuwa haki yake.

Niliporudi Nakivale nilikwenda kwa Hodan kabla hata ya kufungua mfuko wangu. Nilipomsimulia, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia anayeimba ni mjomba wake, na akaniuliza lile swali la kwa nini, la desturi ya Hajati, ambalo zamu yangu ilipofika niliruka.

"Wewe uliupendea nini?"

"Sijui maneno," nikasema. "Nasikia tu mutu anagombana na kitu, lakini haondoki."

"Mimi pia naupendea hapo," Hodan akasema, akauanzisha upya, akanitafsiria mstari kwa mstari, na asubuhi nzima ikaishia kwenye kisima hicho.

Basi nimeapa. Mtu akiniuliza nasikiliza nini, namwekea asikilize. Akiniuliza kwa nini, namwambia nilichokisikia mimi, hata kama ni kidogo. Lakini akiniuliza maneno yanasema nini na lugha si yangu, nanyanyuka namtafuta mwenye lugha, na kama hapatikani nasema sijui, tena nasema mapema, kabla mtu hajavua miwani.