Spika ya Abti Korane na Moshi wa Sado

Mtu akiniandikia tena kuniuliza "spika kubwa kabisa ni gani", nazima simu. Ukubwa, ukubwa, hamna swali lingine? Abti yangu Korane, ndugu ya mama, alipiga kelele juu ya jambo hilo hilo pale Galbet, mtaani Garissa, mwaka wa tisini na sita, na hakuna aliyemsikiliza. Mpaka leo akisimulia, anakasirika upya.

Abti alikuwa fundi wa redio. Kibanda cha mabati, betri ya gari, na waya za kutosha kufunga mbuzi wote wa Garissa. Watu walimletea redio imejaa mchanga mpaka shingoni, wanamwambia, "Imechoka tu kidogo." Lakini kazi aliyoipenda ni boksi za spika. Anatoa spika ndogo, upana wa kiganja, kwenye mlango wa gari bovu. Anaitengenezea boksi ya plaiwudi, ndogo unaweza kuibeba kwapani. Anaziba kila ufa kwa gundi, ndani anaweka pamba ya godoro. Halafu, chini ya spika, anatoboa tundu na kuingiza kipande cha bomba la maji.

Hilo bomba ndilo lilifanya watu wamwone ana wazimu. Spika ikicheza inasukuma hewa ndani ya boksi, na hewa hiyo ikitokea kwa bomba la urefu sawasawa, inatoka na sauti nzito. Bomba likikosea urefu, mtu anasikika kama amemeza blanketi. Kwa hiyo Abti alikuwa anakata, anasikiliza, anakata tena.

"Umeziba boksi yote halafu unatoboa? Si ungeacha tu wazi?" wateja wakamwambia. Mmoja aliziba bomba na gazeti ati panya wasiingie, kisha akarudi kulalamika sauti imekufa. Ungefanya nini na mtu kama huyo?

Jirani yake alikuwa Lul, mama mzee aliyekimbia Kismayo wakati wa vita; sote tulimwita Habo, yaani mama mdogo, kwa heshima. Yeye na kijana wake Mahat walipoteana njiani, miaka ikapita bila habari. Siku hizo watu wetu hawakuandikiana barua, walitumiana kaseti. Unakaa na redio, unaongea mpaka umalize shida zako zote, unampa dereva wa lori. Basi siku moja kaseti ya Mahat ikafika kutoka Yemen, imepita mikono ya nusu ya dunia.

Shida ni kwamba Habo Lul masikio yalikuwa yameanza kumwacha. Sauti nyembamba hakuzipata kabisa, nzito ndizo alizoshika. Na redio kaseti za mtaani zililia kama kuku. Watu wakajazana kwake, wakasikiliza wao, kisha kila mmoja akamrudishia kwa kelele.

"Anasema yuko salama, Habo! Anafanya kazi bandarini!" akapiga kelele Adow, jirani ambaye mdomo wake haujui likizo.

"Jana ulisema anauza samaki."

"Anauza samaki bandarini!"

"Waongo nyinyi. Mtoto wangu amekufa, na mnanituliza kwa redio kama mimi ndiye mtoto."

Akatangaza kwamba Ijumaa atachinja mbuzi na kumwita Maalim, mwalimu wa madrasa, amsomee Mahat dua ya marehemu. Fikiria. Mtu yuko hai anauza samaki, au chochote anachouza, na nyumbani anasomewa dua ya maiti.

Abti akamfuata. "Habo, kabla ya kisu, nipe nafasi. Utamsikia mwenyewe."

"Wewe na maboksi yako."

"Mimi na maboksi yangu."

Alitengeneza boksi nzuri kuliko zote, kwa spika moja tu nzima aliyobaki nayo. Alhamisi akaiacha nyumbani ikauke, akaenda msikitini kuswali alasiri. Akarudi akakuta boksi inatoa moshi kama jiko la hoteli.

Mkewe Sado alikuwa ameiweka juu ya kile kitanda cha vijiti tunachotandazia nguo zifukizwe. Chini yake, dabqaad, yaani chetezo, lenye makaa mekundu na uunsi, ule udi wa kina mama. Bomba limeangalia chini.

"Naa Sado! Hii ni nini?"

"Ilikuwa inanuka gundi."

"Ni spika! Spika hainuswi, inasikilizwa!"

"Utapeleka harufu ya godoro kuukuu kwa nyumba ya mama wa watu, kesho Ijumaa? Waseme mke wa Korane ni mchafu?"

"Na mbona umeigeuza hivyo?"

"Si wewe uliiwekea mlango? Nikaona moshi uingie kwa mlango."

Joto lilikuwa limeachanisha ukingo wa karatasi ya spika. Ikicheza, inakwaruza. Abti akachukua solusheni ya pancha ya baiskeli, akakata ukanda mwembamba kwenye shash ya Sado, kitambaa chake kizuri cha kichwa, bila kuuliza, akaubandika kuzunguka ukingo wote. Sasa ikawa zamu ya Sado kupiga kelele.

Ijumaa mbuzi tayari amefungwa mlangoni, Maalim amekaa mkekani. Abti akaunganisha waya za boksi kwenye redio kaseti. Adow akaanza, "Habo, hapa anasema..."

"Waryaa, nyamaza!" Abti akamfokea. "Hajasema kitu bado!"

Kaseti ikazunguka. Kwanza kikohozi kizito. Habo Lul akainua mkono.

"Rudisha."

Abti akarudisha. Kikohozi tena.

"Huyo Mahat," akasema. "Tangu mdogo hawezi kuongea kabla hajakohoa. Kama baba yake."

Akasogea mpaka uso ukakaribia bomba. Mahat alikuwa sasa anaongea, na kila neno zito lilimpulizia mama yake hewa kidogo shavuni.

"Anapumua," akasema, machozi yanashuka. Halafu akanusa. Akanusa tena. "Na ananukia uunsi. Alhamdulillahi. Kumbe ameoa."

"Habo, hajataja mke!" Adow akaruka.

"Wewe na samaki wako, nyamaza."

Abti akafungua mdomo aeleze: pamba ya godoro, moshi, bomba, hewa. Sado akamwangalia. Akaufunga.

Mbuzi alichinjwa vilevile, ila dua iligeuka ya shukrani. Wiki iliyofuata wateja wakapanga foleni kibandani.

"Nataka kama ya Habo Lul. Ile yenye uunsi."

"Uunsi hauongezi sauti! Ni bomba!"

"Bomba toa ukitaka. Uunsi usisahau."

Sado akahamishia dabqaad lake kibandani.