Migomba Miwili ya Bankstown

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Granville, ughaibuni, alikata migomba yake, na harufu ya ule utomvu iliponifikia nililia jikoni kama mtoto. Nivumilieni, niwaeleze kwa nini.

Nilipokuwa darasa la tatu, mama alikuwa akimtunza Mzee Len, mzungu mkongwe wa kitongoji cha Bankstown ambaye wakati wa vita kuu ya pili alikuwa rubani wa ndege za kivita. Shule zikifungwa mama alikwenda nami kazini, maana hakuwa na mtu wa kukaa nami. Nyumba ilinukia sabuni na mkate wa kuchoma. Ukutani palikuwa na picha ya kikosi chake: vijana wamekaa juu ya bawa la ndege, wanacheka. Wote walikuwa wamekufa isipokuwa yeye. Mmoja wao, Tom, aliruka asubuhi moja kuelekea baharini asionekane tena, yeye wala ndege yake.

Uwanja wa ndege ndogo haukuwa mbali. Ungeweza kucheka, kama si huzuni: ngurumo ikisikika tu, Mzee anakimbilia uani na mkongojo wake, mama anajibanza chini ya meza, kwani kwetu Kivu alishaona ndege zikiangusha mabomu. Mimi nilimfuata Mzee. Mama alikuwa ameniambia kwamba baba angetufuata kwa ndege akishapata karatasi zake, basi tulisimama wawili, shingo juu, kila mtu akimngoja wake.

Majira ya baridi ya mwaka ule Mzee alizidiwa. Akili yake ilirudi vitani ikakataa kutoka. Alisimama mvuani tangu asubuhi, chakula hataki. Alikuwa ameshaanguka, na binti yake alisema wazi kwamba akianguka tena atapelekwa nyumba ya wazee. Sote tulijua huko hatadumu.

"Mzee, please, tuingie ndani, utakufa na baridi," mama alimsihi, machozi yakimtoka.

"Nikiingia, nani atamsubiri Tom?" Mzee alijibu kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Wengine wote wameshaondoka."

Ndege ikapita juu yetu. Kwa mara ya kwanza mama hakukimbia. Alibaki amemshika Mzee mkono, kisha akanigeukia.

"Umuambie: kwetu mutu akipotea, mwili haionekane, tunazikaka mugomba. Tunamulilia, anapumuzika. Haiko kumusahau."

Nilitafsiri. Mzee akauliza kama hilo linatosha.

"Haitoshi," mama alisema. "Lakini utalala."

Jirani yetu Mvietinamu alitupa migomba miwili, nasi hatukumweleza ya nini. Mama alichimba kando ya uzio. Mzee alivua kitambaa chake cha shingoni cha enzi za urubani, akauvisha mgomba wa kwanza. Mama akatoa mkobani shati la kiume la kitenge cha kijani, ambalo sikuwahi kuliona, akauviringishia wa pili.

"Who's that one, Mama?" niliuliza.

"Rafiki ya Mzee," alijibu bila kunitazama. "Ya kikosi."

Niliridhika, nikasaidia kufukia, nikashindilia udongo kwa miguu kwa furaha kabisa. Mama alilia kwa sauti nisiyoijua, mpaka akaketi kwenye matope, na Mzee akamshika bega. Nikawaza mama yangu ana roho nzuri ajabu, kumlilia hivyo mzungu asiyemjua.

Tangu siku ile Mzee alikula ndani, na alikufa mwaka uliofuata kitandani mwake mwenyewe. Ndege zikipita hakutoka tena, wala mama hakujificha tena. Mimi ndiye niliyeendelea kutoka, peke yangu. Mama alikuwa akinipigia kelele dirishani, "Usikanyage pale!" Nilidhani anayaonea uchungu maua yaliyoota kando ya uzio.

Nilikuwa msichana mkubwa aliponionyesha picha ya baba amevaa shati la kijani. Akaniambia kwamba majira yale yale ya baridi alipigiwa simu kutoka Uvira: baba alikamatwa njiani akauawa, na mwili wake haukupatikana. Hakuwa na kinywa cha kumwambia mtoto. Simlaumu. Lakini nakumbuka jinsi nilivyosimama kando ya uzio ule, juu ya baba yangu, nikimtafuta mawinguni.